Miti Saba Isiyo Kwenye Daftari

Eldoret, 2 Februari 2025

Baba,

Mulembe. Sisi huku wazima. Natumaini mguu umepungua kuvimba na dawa unazimeza, si kuziangalia tu. Naandika kwa sababu kukupigia simu ni kuongea na ukuta. Masikio uliyaacha kwenye msumeno wa Kampuni.

Nina habari. Waliochukua mali ya Kampuni wanauza saipresi za mwisho kule Somil, kwenye kiwanda cha zamani cha mbao, zile za nyuma ya laini ya nyumba za wafanyakazi tulikokaa, na mimi ndiye nimezipata. Binti wa mpasua mbao kanunua miti ya bwana. Cheka kidogo.

Tena kuna kituko. Daftari la upanzi linasema safu ya mwisho ina miti arobaini. Nimehesabu mwenyewe, ni arobaini na saba. Ile saba ya mwisho imenyooka kuliko yote. Nyapara wenu hakujua kuhesabu? Tunaanza kukata tarehe ishirini.

Binti yako, Jescah

Chekalini, 6 Februari 2025

Mwanangu Jescah,

Salamu nimepokea. Mguu uko vile vile. Usikate ile saba. Soma hapo tena, kisha uendelee.

Tulipofika Somil mwaka wa sabini na sita, Kampuni ilitupa nyumba za mabanzi na king'ora cha kutuamsha. Kila kitu kilikuwa chao, hata udongo, na walikataza kaburi kwenye ardhi yao. Mtu mzima akifa, lori lilimpeleka kwao. Mtoto mchanga halikumbeba. Na wengine hatukuwa na kwetu. Mimi sikuwa na hata hatua moja ya shamba.

Basi tulikuwa tunangoja siku ya upanzi, kila mtu ana jembe na hakuna anayeuliza shimo ni la nini. Tulizika, tukapanda saipresi ya Kampuni juu, kwenye mstari wa Kampuni, ili nyapara aone mti tu. Katika ile saba, wa tatu kutoka barabarani ni kaka yako Isaiah. Alikutangulia miaka mitatu. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anafagianga pale kila Jumamosi, nawe ukidhani ni usafi. Kampuni ilipofunga tukaendelea kunyamaza, kwa mazoea.

Neno hili siwezi kumpa jirani akupigie. Nampa Kipsang, dereva wa mahindi, akuletee mkononi.

Baba yako, Elkanah

Eldoret, 29 Machi 2025

Baba,

Sijui nikusalimu vipi. Kipsang amekuja leo na barua yako. Imekaa wiki saba kwenye koti lake la mvua. Mvua imeanza, kavaa koti, kaikuta.

Nilikata, Baba. Yote saba. Nilisimama pale pale nikiwasifu vijana kwa kazi safi. Sita iko hapa uani, imepasuliwa, sijauza hata ubao mmoja. Wa tatu ulikuwa mzuri kupita yote. Nikaukausha kwenye tanuri, nikakutengenezea kitanda, ulale juu ya mbao ya kwetu. Kimetoka hapa jana na lori la Mukhwana.

Nimempigia jirani yako mara tatu. Akisema halo, nakata. Nitamwambia nini? Kikifika, usikilalie. Na nimekukasirikia pia. Miaka yote hii hukuniambia nina kaka.

Jescah wako

Chekalini, 2 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua imefika leo. Kitanda kilifika Jumamosi. Nimekilalia siku nne, na mguu haukuniuma hata kidogo. Nilikisifu kwa jirani. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu yake.

Kukasirika una haki.

Nimekifungua kipande kimoja kimoja, sikuvunja kitu. Sasa nina shamba. Jumamosi tunamzika Isaiah hapa kando ya mama yako, kwa jina lake. Pitia Somil, ulete udongo wa kisiki cha tatu kwenye kitambaa safi.

Mbao za ile sita usiziguse. Mti wa tano ni wa mtoto wa Jeruto, yule jirani yetu wa laini. Yuko Iguhu, na kila Desemba huenda kuupalilia. Bado hajui. Anza kwake, umwambie kwa mdomo wako. Mimi siku ile nilimchimbia mwanawe shimo, siwezi.

Baba yenu, Elkanah