Samli ya Mama Ndani ya Mashine

Shinyanga mjini,
Jumapili mchana

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini umeacha kwenda kisimani mwenyewe, ingawa nakujua, hujaacha. Mimi mzima, ila baridi ya asubuhi inanibana kifua. Dada Mbuke, wewe unayemsomea mama barua hii, soma polepole na usiruke mstari, hata ukifika mahali utakapotaka kunisitiri. Safari hii nina kosa la kukiri, na ajira yangu hapa karakana inangoja jibu la mama.

Unakikumbuka kile kibuyu cha samli ulichompa mjomba aniletee alipopanda lori la pamba? Nilikuandikia kwamba naila kila siku na nimenenepa. Nilidanganya, mayu. Nusu yake niliipaka mashine.

Ngoja nikueleze. Hapa tuna mashine ya kuchongea chuma, tunaiita milingi. Kichwani mwake mna chuma cha mviringo kinachoshuka na kupanda kama mchi kwenye kinu, na chini yake ndiko kinakofungwa kisu cha kukatia. Ukivuta mkono wa mashine, mchi unashuka. Ukiachia, unarudi juu. Kila siku unataka mafuta. Lakini mafuta ya mashine yameadimika kama sabuni na sukari, na kopo letu lilikauka kabisa. Mchi ukaanza kulia. Mimi bado kibarua, nimeahidiwa barua ya kuajiriwa, nikaogopa kuonekana mtu wa kusimama tu mikono mfukoni. Nikamkumbuka marehemu baba alivyokuwa akipaka samli ekseli ya mkokoteni, ng'ombe wakauvuta kimya mpaka gulioni. Nikasema, kama ilifaa kule, itafaa na huku. Nikapaka, tena bila ubahili. Wiki nzima mashine ikaenda vizuri, nami nikajiona fundi kweli kweli.

Kumbe! Samli ile ilikuwa inakusanya unga wa chuma huko ndani, na ilipokuja baridi kali ya Jumatano ikaganda ikawa kama ulimbo. Siku hiyo aliyetangulia kuingia kazini ni Shabani, yule Mnyamwezi wa Tabora ninayekaa naye chumba kimoja. Akavuta mkono, mchi ukagoma. Nilipofika, nilimkuta msimamizi wetu, Mzee Lugembe, amemsimamia kwa hasira.

"Umeugonga wapi?"

"Wallahi mzee, nimeukuta hivi hivi."

"Mashine haijikwamishi yenyewe. Lete nyundo kubwa tuugonge ushuke. Ukipasuka, na wewe unafunga mizigo unakwenda kwenu."

Mayu, nikapima haraka. Nikisema, ajira yangu ndiyo imekwenda. Nikinyamaza, Shabani anafukuzwa kwa kosa langu, na mashine tuliyo nayo ni hiyo hiyo moja. Shabani alirudi na nyundo, macho yamemtoka, wala hajui kosa lake ni nini. Nikajisikia nasema, "Mzee, usipige. Ni samli."

"Samli gani?"

"Ya mama."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mzee Lugembe hakucheka. Aliweka nyundo chini, akaniambia, "Haya, wewe uliyeipaka ndiye utakayeitoa. Na usiniletee nguvu hapa."

Nikalegeza kwanza skrubu inayoufunga mchi. Nikachemsha maji kwenye sufuria yetu ya chai, nikaloweka magunia, nikakifunika kichwa cha mashine kwa joto, maana samli unaijua, haishindani na moto. Kila gunia lilipopoa nililoweka tena. Kisha nikawa nadondosha mafuta ya taa pembeni kwa unyoya wa kuku, na kuutikisa mkono wa mashine kidogo mbele, kidogo nyuma. Niliutikisa hivyo mpaka mabega yakafa ganzi. Saa nane mchana mchi ukashuka upana wa kidole. Baadaye ukashuka wote, ukitiririsha uji mweusi, na karakana ikanukia kama jikoni kwako. Machozi yalinitoka, nikasingizia mafuta ya taa. Tulipomaliza kuufuta, Mzee akaleta kichupa cha mafuta ya cherehani kutoka nyumbani kwake, tukaupaka.

"Ninyi Wasukuma," Shabani akanitania njiani, "mkipewa treni mtapaka samli mpaka reli!" Halafu akanishika bega, tukarudi chumbani kwetu.

Kesho yake Mzee aliniita. "Mama yako alikutumia samli upake chuma?"

"Hapana mzee. Nile."

"Anajua?"

"Hajui."

"Kwangu umekiri kwa sababu ya nyundo. Sasa mwandikie na yeye, ambaye hana nyundo. Siku utakayoniletea jibu lake, ndiyo siku nitakayotia sahihi barua yako ya kazi."

Ndiyo haya, mayu. Najua ng'ombe mwenye maziwa amebaki mmoja. Najua ulikula mlenda usioungwa ili kibuyu kijae, na hilo linaniuma kuliko yote yaliyotokea karakana. Nisamehe. Nusu iliyobaki tumeila kwa ugali, mimi na Shabani, na hili si uongo, muulize mjomba akirudi na kibuyu. Shabani anakushukuru, anasema hajapata kula samli kama hiyo.

Nisalimie shangazi, na shemeji yangu, mume wa Mbuke, mwambie jembe lake la kukokotwa nimemchongea boliti mbili. Majirani wote waliouliza habari zangu waambie nipo.

Mbuke, andika jibu kama mama atakavyolitamka, hata akinitukana. Usilitie sukari. Mzee anataka maneno yake mwenyewe, na mimi pia.

Ni mimi mwanao, niliyekonda,

Masanja