Firigisi Mbili

Baba,

Sitakuuliza umelalaje. Sina salamu za kukupa. Ndugu zako wamepanga makumbusho yako Desemba hii, huko nyumbani Bungoma, na wamemwagiza Mama apike kuku, kisha apige magoti ampelekee Baba mdogo Wafula firigisi, kwa sababu sasa ndiye anayekalia kiti chako. Mama hajawajibu. Aliniambia tu, "Wacha nifikirie," akaendelea kuchambua mchele.

Ndiyo maana nimerudia ile Boksing Dei, Krismasi iliyofuata mvua ya El Niño. Nilikuwa na miaka minane. Wewe ulikuwa ukifanya kazi Magadi, sisi tukipanga Kitengela, na kila tulipotaka kuja kukaa nawe ulisema, "Joto ya Magadi si ya watoto." Siku hiyo ukatupeleka kwenye ile bustani ndogo ya wanyama upande wa Isinya. Nilivaa viatu vya kanisani. Ulinibeba mabegani nimwone twiga vizuri, ukanishika vifundo vya miguu nisianguke. Nilikuwa na furaha, Baba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Langoni tulimkuta mwanamke na mtoto wake wa miaka kama minne, Nanjala. "Huyu ni bibi ya mwenzangu wa kazi," ulimwambia Mama. "Mzee yake ako zamu." Mama akamsalimia vizuri, hata akamsaidia kubeba kikapu chake. Ulimtazama Mama akikibeba, nawe ukatembea mbele na mikono mitupu.

Mzee wa Kimaasai aliyekuwa akitutembeza alituonyesha mbuni. Akasema dume huwa na majike kadhaa, na wote hutaga kwenye kiota kimoja. Ulicheka sana. "Huyo ndiye mwanaume," ukasema. Kicheko kilikuzuia kusikia mwisho wake: usiku dume mwenyewe huyalalia mayai ya wote. Basi usijilinganishe na mbuni. Mbuni anafanya kazi.

Kisha tukaketi chini ya migunga kula. Kila mama alikuwa amepika kuku wake. Mama yangu alishaweka firigisi kwenye kisahani, akawa anakuchotea mchuzi. Kabla hajamaliza, Nanjala akaja na kisahani chao, amekishika kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele yako kama alivyozoea. "Yako hii," akasema. Ukaichukua ukaitia mdomoni, huku unaendelea kuzungumza habari za mpira.

Wewe ni Mluhya, Baba. Ulijua. Mwanamke humpelekea firigisi mwenye nyumba yake, hampi mume wa jirani. Ulidanganya kwa maneno miaka mingi, ukaja kuumbuliwa na mazoea ya kula.

Yule mwanamke alishusha macho. Mama aliirudisha firigisi yake kwenye hotpoti, akafunga mfuniko, akauliza kama kuna anayetaka maji. Wewe ulimaliza kutafuna. Ile firigisi ilikaa kwetu jikoni mpaka ikaoza, kwa kuwa ilikuwa yako na hakuna mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kuila. Nakumbuka ile harufu. Kwa miaka yote iliyofuata hukuwahi kumwomba Mama msamaha, na alikuuguza mpaka siku ya mwisho.

Tangu tukuzike, mambo yamebadilika. Ile bustani imekatwa ploti, pale palipokuwa na mbuni pana mawe ya ujenzi. Mama ameanza kulala mpaka saa moja. Wiki jana alicheka simu ikiwa sikioni hadi akakaa chini. Nilikuwa sijui anaweza kucheka hivyo.

Sasa wanataka apige magoti tena. Hapana.

Mama amezipika firigisi miaka ishirini na tisa na hajawahi kuonja hata moja. Desemba nitaichukua mwenyewe kutoka kwenye sufuria, nimpe mkononi, na ataila mbele ya ndugu zako wote. Baba mdogo Wafula atakula shingo. Jana nilimwambia Mama hivyo. Akaniuliza, "Inakuwanga ngumu kutafuna?"

Jambo moja zaidi. Yule mama yake Nanjala simpendi, sitakudanganya kama ulivyotudanganya. Lakini nimempigia simu nikamwambia aje na kuku wake, na kilicho chake akile mwenyewe.

Kwaheri, Baba. Firigisi zitakuwa mbili tena, kama siku ile. Nakuahidi hakuna hata moja itakayokuwa yako.

Binti yako,
Nekesa