Simu ya Unga

Werugha, Jumapili baada ya ibada

Mwanangu Immaculate,

Huku tuko salama, ila ukungu na baridi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Nakuandikia kwa sababu kwa simu huwa unalia, nami nashindwa kusema.

Ule mchezo wa kufinyanga unga unaomchezesha mtoto wa bosi wako huko Uarabuni, nimemfanyia Elsie wako. Mimi nililelewa nikijua unga hauchezewi! Lakini nimeukanda kwa maji mekundu ya bitiruti ya shambani, maana ulisema hata akila hautamdhuru.

Hakula. Huyu anayekula hata udongo, hakula. Aliuviringa ukawa mrefu, akauweka sikioni akasema, "Halo, mami." Akanyamaza kusikiliza, rangi ikimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Halafu akaniletea. "Nyanya, muulize anakuja lini."

Najua pasipoti yako bado amekunyima bosi. Ningemwambia nini mtoto wa miaka mitatu? Nikaushika ule unga, nikasema halo, nikamwambia amesema kesho.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ananiletea viatu vyake nimvalishe.

Mama yako,
Teresia