Jino la Popo wa Mgombani

Jumatatu, 2 Desemba

Mimi nina bahati, acha niseme ukweli. Moshi nzima hakuna kinyozi mwingine mwenye kitabu. Wiki ya tatu hii tangu "Popo wa Mgombani" kitoke kwa mchapaji, na hakuna mtu aliyekisema vibaya. Hata mmoja. Watu wana digrii, wanaandika, wanatukanwa. Mimi niliishia kidato cha pili, nikaendesha malori hadi Lubumbashi, nikaandika kwenye madaftari ya kaunta nikisubiri vichwa vya kunyoa. Nasifiwa.

Leo saluni imejaa tangu asubuhi. Fundi umeme alisoma kwa sauti huku nusu ya kichwa chake haijanyolewa. Pale mnyonya damu anapojigeuza popo, ananasa kwenye chandarua, na mwenye nyumba anampiga kwa kandambili akidhani ni panya. Nilicheka kuliko wote. Kitabu changu, nani atanizuia?

Nikamkwaruza sikio. Amenisamehe. "Ila damu yangu usiinywe, Aloyce."

Jumatano, 4 Desemba

Maoni ya leo. Nayaandika yasipotee.

Mwalimu wa hapa Njoro: Kiswahili changu kina makosa kila ukurasa, lakini alicheka hadi mume wake akamuuliza kama ni mzima.

Mama wa ndizi: kwa nini mnyonya damu hana mke? Alivyouliza, nikahisi anataka nafasi.

Dereva wa Himo: wanyonya damu wa kwenye sinema wana meno mawili, wa kwangu ana moja, kwa hiyo nimekosea. Hajaelewa. Hilo jino moja ndiyo kitabu chenyewe. Mzee wa miaka mia tatu, kabaki na jino moja, shingo ya mtu hawezi tena. Anaishi kwa kisusio. Kila panapochinjwa mbuzi yupo na bakuli, anapewa supu ya damu kama wengine, na hakuna anayeshtuka kwa sababu Wachaga wote wamepanga foleni. Mnyonya damu atajificha wapi pazuri kuliko kwetu? Nimetembea nchi nne, sijaona mtu aliyewaza hilo.

Jumamosi, 7 Desemba

Binamu wa Dar ameweka picha kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo Filipo amecheka, jino lake linaonekana. Pembeni ameweka jalada la kitabu. Chini yake: "POPO AMEPATIKANA!"

Baba mdogo ndiye mchinjaji wa ukoo wetu, huko juu Kilema. Mbuzi wote wa Desemba wanapita mikononi mwake, na kisusio anakipika yeye. Jino lake ni la juu, kushoto. Limebaki peke yake tangu mimi ni mtoto.

Wamecheka wote. Na mimi nikaweka kikatuni cha kucheka. Baba mdogo ana simu ya tochi, haoni hayo mambo.

Alhamisi, 12 Desemba

Dada Fides amepiga simu. Shamba lake limepakana na la baba mdogo. Anasema Jumapili baada ya misa watoto walimkimbia wakipiga kelele, "Popo! Popo!" Yeye akadhani ni mchezo. Akawatolea jino akawafukuza, kama alivyokuwa anatufanyia sisi. Mama mmoja akamvuta mtoto wake kwa nguvu hadi kiatu kikabaki njiani.

Baba mdogo alikiokota kile kiatu. Hakuna aliyekuja kukichukua.

"Umesikia, Aloyce?"

Nimesikia.

Jumapili, 15 Desemba

Siku mbaya.

Mtoto wa jirani wa Fides na baba mdogo amelazwa, ameishiwa damu. Daktari amesema ni malaria. Watu wanasema mumiani, amenyonywa. Neno hilo sijalisikia tangu bibi yangu alipokuwa anatutisha nalo ili tusizurure.

Baada ya misa mwanamume mmoja simjui alikuja saluni. Hakutaka kunyolewa. Kitabu kiko mkononi, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Akauliza nyumba ya bati la kijani chini ya kanisa ni ya yule mzee? Nikamwambia ni hadithi ya kuchekesha, kaka, nimetunga.

"Mtu hawezi kutunga mpaka rangi ya bati."

Amekisoma kuliko wote. Ameamini kila neno. Alipoondoka nikafungua kitabu, nikaitafuta ile nyumba. Bati la baba mdogo ni la kijani kweli. Sikufikiri. Niliandika nyumba niliyoijua.

Jumanne, 17 Desemba

Mawe matatu juu ya bati. Fides ameyahesabu asubuhi.

Na jingine. Wanaokuja kula Krismasi kutoka Dar wamekodi mchinjaji wa Himo kwa ajili ya sherehe ya ukoo tarehe ishirini na sita. Hakuna aliyemwambia baba mdogo. Fides amemkuta ananoa kisu.

Mzee huyu hana mtoto, mke wake alishafariki. Kisu na sufuria ndivyo vinavyomfanya aitwe. Asipoitwa kuchinja, hataitwa kwa lolote. Na wenye mawe hawataishia kwenye bati.



Alhamisi, 19 Desemba

Nimeandika kwenye grupu. Nimesema kitabu ni uongo mtupu, picha ifutwe, mzee ataumizwa.

Majibu: vikatuni vya kucheka. "Popo kapata wakili." "Aloyce noma, hii ni sehemu ya pili?" Binamu mmoja ameomba nakala kumi awape wenzake kazini.

Sikuwa natania. Miaka yote nikifungua mdomo watu wanacheka, nilikuwa naringia hilo. Leo nimepiga yowe wamecheka vilevile.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimepanda Kilema. Kwenye mpaka wa shamba la Fides nikakata jani la sale, lile tunaloombea msamaha. Kwetu hata aliyemwaga damu ya ndugu yako akilileta, unamsikiliza. Nilijua nitapokelewa, tutakunywa pombe yetu ya mbege, yameisha.

Baba mdogo yuko mlangoni, kisu mapajani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nisomee."

Kumbe anajua yote. Nikasoma nimesimama, jani kwapani. Pa chandarua alicheka, akajipiga goti. Pa jino hakucheka. Akaniambia endelea. Nikaendelea. Nilipomaliza nikapiga magoti, nikamnyooshea jani.

"Kitabu ulinisomea mimi peke yangu?"

"Hapana, baba."

"Watu wote wamesoma. Basi na jani usinipe hapa kwenye migomba, tunaonwa na kuku. Sikatai. Nakwambia mahali: mbele ya hao hao."

Akaingia ndani. Mbege haikutoka.

Jumanne, 24 Desemba

Nimenyoa vichwa vya sikukuu tangu alfajiri. Kila mteja anataka stori ya Popo. Nimesema koo linauma.

Naogopa. Lubumbashi nilishikiwa bunduki sikuogopa hivi. (Haikuwa bunduki. Ilikuwa rungu.)

Alhamisi, 26 Desemba

Ukoo mzima uwanjani. Magari ya Dar hadi barabarani. Mchinjaji wa kukodi ameshafunga aproni. Baba mdogo amekaa mwisho wa benchi, pembeni yake nafasi ya watu wawili iko wazi.

Nilisimama kabla mbege haijamiminwa. Wakaanza kucheka kabla sijasema kitu. Binamu akainua simu arekodi. Nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya sikukuu, wakacheka zaidi. Halafu wakaona sale. Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Nikasema jino nimelichukua kwa baba mdogo bila kumwomba, na bati lake pia. Mengine yote nimetunga. Nimewafanya mumwogope mtu aliyewalisha.

Sikupata neno la kuchekesha. Nililitafuta, naungama.

Baba mdogo alinisubirisha. Magoti yaliuma. Halafu akachukua jani, akalichomeka kwenye kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa mbuzi. Mchinjaji wa kukodi akavua aproni akampa. "Karibu, mzee."

Kisusio kikaiva. Bakuli la kwanza likakaa mezani, linatoa mvuke, hakuna mkono. Nikalinywa lote, limeniunguza ulimi. Fides la pili. Shangazi mkubwa, ambaye siku hizi hawezi kutembea, akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Mnaniwekea kidogo hivyo mimi ni kifaranga?" Foleni ikaja. Si wote. Yule mama wa mtoto aliyelazwa, mtoto amesharudi nyumbani, alisimama ng'ambo ya uzio amembeba mgongoni. Baba mdogo akamwekea bakuli juu ya jiwe, akalifunika jani la mgomba, akaondoka ili achukue bila kumkaribia.

Hakulichukua.

Na kitu kingine, hiki kimenikaa. Siku nzima baba mdogo alipocheka, aliweka mkono mdomoni. Hajawahi.

Jumamosi, 28 Desemba

Mvua ndogo. Wateja wawili tu.

Fides amepiga. Mawe hakuna tangu sherehe. Baba mdogo ameitwa kuchinja nyumba mbili, ya tatu imemruka. Kiatu cha yule mtoto aliyevutwa na mama yake bado kiko dirishani kwake.

Kijana wa chuo alikuja kutafuta kitabu, amesikia kinachekesha sana. Nimesema kimeisha. Kiko boksi zima chini ya benchi alilokalia.

Nimerudi kusoma daftari hili tangu mwanzo. Niliandika nina bahati, hakuna hata mmoja aliyekisema vibaya. Uongo. Dada Fides alikisoma kabla sijakipeleka kwa mchapaji. Aliniambia kinachekesha, ila jino liondoe, watamjua. Nilijua anasema kweli. Nililiacha kwa sababu lilikuwa linachekesha.