Habiba, Kiyoyozi Kimefika

Habiba, abaayo, dada yangu,

Kimefika. Kile kiyoyozi ulichokililia miaka yote, ukijipepea kwa karatasi za majibu, kimefungwa juu ya mlango wa maabara wiki chache tu baada ya mazishi yako. Kila mtu anakisifu. Mimi siwezi kutulia chini yake. Nakaa, nainuka, nakizima. Mutua wa famasi anapita, anakiwasha. Hata barua hii nimeiacha na kuirudia.

Juzi mama yako alimleta Hodan, kitinda mimba wako. Anaharisha damu, macho yameingia ndani. Nilichukua choo chake, nikaweka tone kwenye kioo, nikainama juu ya hadubini. Hakuna kilichotembea. Niliona viduara tu vimetulia, vya kudhaniwa chembe zozote za mwili. Kalamu ilikuwa tayari kuandika kwamba hakuna amiba, na daktari angempa maji ya chumvi na sukari arudi nyumbani. Lakini vidole vyangu vilikuwa baridi, Habiba. Hapa Rhamu, kwenye joto hili, vidole baridi. Nilipovisugua ndipo nikakusikia.

"Hiyo mdudu habendi baridi, abaayo. Akibata baridi anajikunja, analala. Halafu wewe unasema hakuna."

Ulikuwa ukikibana kioo kiganjani kabla ya kukiweka chini ya lenzi, na ukiwaambia akina mama walete kikopo kingali na joto, wasikikalishe kivulini kando ya mtungi. Nilikucheka. Nimetoka Nyandarua kwenye baridi mimi, nikadhani mdudu wa Rhamu hawezi kuijua baridi. Na kweli hakuijua, mpaka tulipomletea.

Basi nilibeba ile hadubini ya zamani, ya kuakisi mwanga wa jua, nikaiweka barazani. Mama yako alinitazama kama nimerukwa na akili. Hodan alitoa choo kingine, cha moto. Nikakishika kioo kiganjani, jasho likinidondoka puani, nikatazama.

Wakaanza kutembea. Mmoja alinyoosha kipande cha mwili kama kidole, akajivuta, akanyoosha kingine, na tumboni mwake chembe nyekundu za damu ya mwanao. Nilimchukia na nikafurahi kumwona, vyote pamoja. Nililia palepale mbele ya wagonjwa.

Dawa alianza siku ileile. Jana alikula anjera na akaomba nyingine. Mama yako anasema alhamdulillahi, kisha ananishika mkono hataki kuuachia. Siku ya mazishi nilikaa ndani na wanawake, sijui pa kuweka macho. Sasa napajua kwenu hadi jikoni.

Bado nina hasira, sijui na nani. Ulichoomba kimekuja wewe hupo, na kidogo kinichukulie Hodan.

Nimehamishia meza ya kupimia choo barazani. Mutua ananuna, anune. Nakuahidi hakuna mtoto wa Rhamu atakayeambiwa hana kitu kwa sababu sisi tulitaka upepo. Na jioni, kazi ikiisha na vioo vikishaoshwa, nakiwasha kiyoyozi, navuta kiti chako chini yake, nakaa kwenye changu. Tunapumzika kidogo.

Mungu akulaze pema, abaayo.

Wako,
Wanjiru