Nilimpa Pole Kabla Hajaambiwa

Bi Kawsar, hujambo. Nakuandikia nikiwa Makongeni, siku ya tatu sijaenda kazini, na naomba unisaidie kwa sababu sijui nimefanya nini. Mimi ni ripota mpya wa michezo kwenye redio moja ndogo, na kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa mashindano ya kimataifa ya tenisi hapa Nairobi, ambako msichana wetu wa Mbotela, Wangeci, alikuwa amefika robo fainali. Asubuhi ya mechi nilipita mtaani kwao kurekodi majirani wakimtakia heri, nikakuta viti vinapangwa nje, na mama mmoja akaniambia mzee Gichuru, babake Wangeci, amefariki alfajiri hospitalini. Nilikimbia uwanjani nikamkuta Wangeci anamalizia kushinda, nikashangaa moyo alio nao, na tulipoingia chumba cha waandishi nikainua mkono wa kwanza, mimi ambaye kwa siku tatu niliogopa hata kukohoa mle ndani.

Nikasema, "Wangeci, pole sana kwa kufiwa na baba. Umetoa wapi nguvu ya kucheza leo?"

Alikuwa bado anatabasamu. Akaniuliza, "Baba gani?"

Bi Kawsar, Wangeci hakuwa amejua. Wachezaji walikuwa wanalala hotelini na simu yake ilikuwa na kocha, kumbe kocha na familia walikubaliana aambiwe baada ya mechi. Kaka yake, Mureithi, alikuwa amesimama mlangoni akimngojea. Aliponipita hakunipigia kelele, alisema tu, "Tulikuwa tumebakisha dakika kumi."

Mhariri wangu, Makokha, amefurahi. Anasema sauti niliyorekodi mle chumbani imeshika mtaa mzima, anaicheza kila saa, na Jumamosi anataka niende mazishini na kinasa sauti nimhoji Wangeci tena, nisipoenda nisirudi, maana bado niko kwa majaribio. Niende?

Nthambi, Makongeni

Nthambi, mwanangu, nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikatembea kidogo, nikairudia. Pole. Najua hukukusudia. Lakini usijifiche nyuma ya ugeni wako. Yule mama alikuambia nani amekufa, hakukuambia nani anajua, na wewe hukuuliza. Kocha alikuwa pale pale. Ungemnong'oneza neno moja tu, ungejua. Ulitaka swali zuri, ukalipata.

Sasa acha kulia uinuke. Leo hii mwandikie Makokha kwamba unataka sauti hiyo iondolewe hewani, na kwamba mazishini huendi. Akikufukuza, fukuzika. Wewe ni kijana, utapata redio nyingine, na huko utafika ukijua jambo ambalo wengi hawalijui.

Kisha nenda Mbotela, peke yako, simu umeiacha nyumbani. Mtafute Mureithi, si Wangeci. Mwambie kosa ni lako, na usiweke "lakini" mahali popote. Wala usimwombe akusamehe, kwa sababu hapo utakuwa unampa kazi mtu aliyefiwa. Akinyamaza, nyamaza. Akifunga mlango, ondoka bila kubisha tena. Wangeci akitaka kukuona siku moja, atakuita mwenyewe, na asipokuita, utalibeba hilo.

Jumamosi kaa nyumbani. Wacha wamzike mzee wao.