Fishi iliungua, mtoto hakuungua

Vanessa, weye uko wapi? Sikia alichofanyiwa Kankindi leo!

Alipeleka mtoto wake kituo cha afya apate dozi ya pili ya surua. Muuguzi akadai fishi, ile kadi ya chanjo. Iliungulia kwao Luvungi pamoja na nyumba, vita ilipowafukuza. Jamaa akasema: "Bila fishi, sichomi sindano. Rudi uitafute."

AIRUDIE, Vanessa! Mu mabomu!

Unamjua Kankindi, masomo ya jioni ya afya hayakumpita bure: "Fishi iliungua, mtoto hakuungua! Seli B zake zinatengeneza kingamwili, tena seli hizo zinasaidia seli T zikumbuke surua. Kumbukumbu iko mu damu!"

"Eh, dokta wa jioni!" Muuguzi akacheka. Akacheka!

Basi Kankindi akaketi juu ya sanduku la barafu la chanjo, mtoto mapajani. "Minye sitoki. Surua ikimpata kweli, itamfutia hata kinga ya magonjwa mengine. Utamrudishia weye?"

Muuguzi akamwomba ainuke, akatoa chanjo sandukuni, akamchoma mtoto.

Kwenye fishi mpya, pa dozi ya kwanza, muuguzi akachora mstari tu, kana kwamba haikutolewa. Kankindi akamnyang'anya kalamu, akajaza mwenyewe: Luvungi, tarehe, mpaka jina la aliyemchoma sindano kule.